Vinara wa Ligi Waliofutwa: Hamilton Tigers, 1924–25

Machi 1925, mechi 90 za msimu wa kawaida wa NHL, ligi ya kulipwa ya hoki ya barafuni, zilipokwisha kuchezwa, jedwali lilisomeka hivi: Hamilton Tigers pointi 39, Toronto St. Patricks 38, Montreal Canadiens 36, Ottawa Senators 35. Mbali chini yao walikuwa wageni wa msimu ule, Montreal Maroons na Boston Bruins. Kanuni ilikuwa kwamba aliyemaliza wa kwanza angoje, wa pili na wa tatu watoane, kisha mshindi akutane na kinara kuwania ubingwa wa ligi. Hamilton walingoja. Toronto na Canadiens wakatoana. Fainali haikuchezwa, na timu ile iliyoongoza ligi haikushuka tena dimbani, si mwaka ule wala mwaka wowote uliofuata.

Habari hii kwa kawaida husimuliwa kwa sentensi mbili: wachezaji waligoma wakidai dola 200 kila mmoja, rais wa ligi akawafungia. Ni kweli, lakini masimulizi ya namna hiyo yamewadhulumu watu wale mara mbili. Yameufunika msimu wao, ambao kimchezo ulikuwa mojawapo ya mapinduzi makubwa ya miaka ya mwanzo ya ligi ile. Tena yamewaacha wakionekana wenye tamaa, ilhali ukikaa na hesabu utaona walidai kidogo kuliko walichostahili. Nataka nizipitie taarifa zote mbili, msimu na mgomo, kwa sababu huwezi kuupima mgomo bila kujua waligoma wakiwa wamefanya kazi gani.

Tuanze na klabu yenyewe. NHL iliundwa tarehe 26 Novemba 1917 katika hoteli ya Windsor mjini Montreal, na chanzo chake kilikuwa ugomvi wa mabwana. Wamiliki wa klabu za ligi iliyotangulia, NHA, walikuwa wamechoshwa na mwenzao wa Toronto, Eddie Livingstone. Badala ya kumfukuza, waliondoka wao, wakaanzisha ligi mpya na kumwacha na ile ya zamani peke yake. Aliyekuwa katibu wa NHA, Frank Calder, Mwingereza aliyewahi kuwa mwalimu na mwandishi wa michezo, ndiye aliyefanywa rais. Msomaji aishike habari hiyo ya kuzaliwa, maana ligi iliyoasisiwa na wamiliki kwa ajili ya kumtenga mmiliki mwenzao haikuwa na sababu ya kumsikiliza mchezaji.

Klabu ya Hamilton ilianzia Quebec. Quebec walikuwa na haki ya kucheza tangu mwanzo, ila hawakuingiza timu hadi msimu wa 1919–20. Walipoingia waliambulia ushindi mara 4 katika mechi 24. Na hapo walikuwa na Joe Malone, mfungaji hatari kuliko wote wa zama zile, aliyefunga mabao 39 msimu huo, saba kati ya hayo katika mechi moja tu dhidi ya Toronto, tarehe 31 Januari 1920. Mtu mmoja anafunga mabao 39 na timu yake inaburuza mkia. Hapo unajua nyuma hapakuwa na ukuta. Mwaka ule ule klabu ikauzwa na kuhamishiwa Hamilton, mji wa viwanda vya chuma kwenye pembe ya magharibi ya Ziwa Ontario, mikononi mwa kampuni ya Abso-Pure, watengenezaji wa barafu, ikisimamiwa na Percy Thompson.

Ligi iliitaka Hamilton kwa sababu iliyokuwa wazi. Livingstone hakuwa amekata tamaa. Alizunguka akitafuta miji ya kuundia ligi pinzani, na Hamilton kulikuwa na uwanja wa barafu ya mashine katika Barton Street. Uwanja ukiwa na mpangaji, mpinzani anakosa pa kuingilia. Timu ile, basi, ilipelekwa kule kuziba pengo, na ilitunzwa kama kiziba pengo. Klabu nyingine zilitakiwa ziisaidie kwa wachezaji. Toronto wakamwazima Babe Dye, kijana mwenye shuti kali; katika mechi ya kwanza ya Hamilton, tarehe 22 Desemba 1920, akafunga mabao mawili, timu ikawalaza Canadiens 5–0. Punde Toronto walipopata majeruhi walimrudisha Dye kwao, naye akawa miongoni mwa wafungaji wakubwa wa ligi. Hamilton wakabaki na Malone na wachache wa kumsaidia. Ushindi mara 6 msimu wa kwanza, 7 wa pili, 6 wa tatu, 9 wa nne, na kila mara nafasi ya mwisho. Ukijumlisha na ule mmoja wa Quebec, ni misimu mitano mfululizo mkiani.

Makocha walipita. Art Ross alikaa msimu wa 1922–23, akaondoka, na baadaye akapewa kazi ya kuijenga Boston. Kabla hajaondoka, Januari 1923, klabu ilimwachia Malone aende Canadiens na kumpokea beki Bert Corbeau pamoja na Edmond Bouchard. Kumtoa mfungaji wako mkubwa si jambo dogo, na mashabiki walikuwa na haki ya kunung'unika. Hata hivyo naona ndipo timu ilipoanza kuundwa upya. Malone alikuwa anaelekea mwisho wa safari yake. Alifunga bao moja tu katika muda wote uliobaki wa msimu ule akiwa na Canadiens. Hamilton waliacha kuwa timu ya mtu mmoja.

Walioletwa baada yake ndio waliotengeneza msimu wa 1924–25. Golini alikuwapo Jake Forbes, na hadithi yake inafaa kujulikana mapema. Alikuwa kipa wa Toronto, akagombana na klabu juu ya mshahara, na badala ya kukubali alichopewa akakaa nje msimu wote wa 1921–22. Hakuna mchezaji wa NHL aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Toronto walimchukua kipa mwingine, wakatwaa Kombe la Stanley, taji kuu la hoki, mwaka uleule, kisha wakamuuza Forbes Hamilton. Ken Randall, mkongwe mwenye hasira za haraka, alifika kutoka Toronto hiyohiyo akiwa na makombe mawili ya Stanley, la 1918 na la 1922. Mickey Roach alikuwapo tangu msimu wa kwanza wa Hamilton na alikuwa amekula vipigo vyote.

Kisha wakaja vijana watatu mwaka 1923. Billy Burch, mshambuliaji wa kati, mrefu, mtulivu, fundi wa kukaa na kisahani, alizaliwa Yonkers katika jimbo la New York akakulia Toronto. Pamoja naye ndugu wawili kutoka Sudbury, mji wa migodi kaskazini mwa Ontario: Wilfred Green, aliyeitwa Shorty kwa ufupi wake, na mdogo wake Redvers, aliyeitwa Red. Shorty alikuwa amerudi kutoka vita vya kwanza vya dunia na kutwaa Kombe la Allan, taji la ridhaa la Kanada, akiwa na timu ya ridhaa ya Hamilton mwaka 1919. Mji ulikuwa unamjua. Alipewa unahodha.

Ukitazama msimu wa 1923–24 kwa macho ya nafasi tu, utaona timu ileile ya mwisho: imeshinda 9, imepoteza 15. Ukitazama mabao unaona jambo jingine kabisa. Walifunga 63 na kufungwa 68. Tofauti ya mabao matano katika mechi 24 si ya timu mbovu. Ni ya timu inayopoteza mechi za bao moja. Mchambuzi makini wa wakati ule angeweza kusema, kabla msimu uliofuata haujaanza, kwamba Hamilton hawakuwa mbali na wenzao. Sikubali wanaoeleza kupanda kwao kana kwamba ni muujiza wa usiku mmoja. Mbegu ilikuwa imekwisha kuota.

Mchezo wenyewe nao ulikuwa tofauti na huu wa leo, na jambo hilo ni muhimu kwa madai yatakayofuata. Msomaji aliyewaona Ice Lions wa Nairobi wakijifua kwenye kiwanja cha barafu cha Panari anajua umbo la mchezo: watu sita kila upande pamoja na kipa, viatu vya kutelezea, magongo, na kisahani cha mpira mgumu. Katika NHL ya leo washambuliaji hubadilishana kila dakika au pungufu ya hapo, kwa sababu mwendo ule hauwezi kuhimilika. Mwaka 1925 timu nzima ilikuwa na watu kumi hivi, na mahiri wao walicheza karibu dakika zote 60. Pasi ya kwenda mbele iliruhusiwa katika eneo la katikati ya uwanja tu. Ukishaingia eneo la wapinzani ilibidi upenye na kisahani mwenyewe au umrudishie mwenzako aliye nyuma yako. Maana yake ni kwamba kila shambulizi lilikuwa la kukimbia na kubebana mwili kwa mwili. Mechi moja ilimmaliza mtu.

Ndiyo maana takwimu hii ina uzito kuliko inavyoonekana: msimu wa 1924–25 mechi za kila timu zilipandishwa kutoka 24 hadi 30. Ligi ilikuwa imeingiza Boston, timu yake ya kwanza nchini Marekani, na Maroons waliojengewa ukumbi mpya wa Forum mjini Montreal. Kila mgeni alitoa ada ya dola 15,000. Timu zikawa sita, kila moja ikakutana na kila mpinzani mara sita. Kazi ya mchezaji iliongezeka kwa robo nzima.

Hamilton, sasa chini ya kocha Jimmy Gardner, walianza msimu kwa kasi. Tarehe 5 Desemba 1924 waliwafumua Toronto 10–3, na Red Green akafunga mabao matano peke yake. Kumbuka kwamba Toronto hao ndio waliomaliza pointi moja tu nyuma yao. Katika ligi iliyokuwa na mbio za karibu kiasi kile, kila ushindi wa ana kwa ana ulikuwa na thamani maradufu, na Hamilton wangeteleza mara moja tu dhidi ya Toronto, vinara wangekuwa wengine.

Wapo wanaosema nafasi ya kwanza ilitokana na udhaifu wa wageni. Boston walishinda mechi 6 tu katika 30 na kufungwa mabao 119; Maroons walishinda 9. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu Toronto, Canadiens na Ottawa walikutana na wageni walewale idadi ileile ya mara. Mlo ulikuwa mmoja kwa wote. Hoja yenye nguvu zaidi dhidi ya Hamilton ni ya mabao. Canadiens, wakiwa na Georges Vezina golini, walifunga 93 na kufungwa 56. Hamilton walifunga 92 na kufungwa 60. Kwa kipimo hicho Canadiens walikuwa bora kidogo, na mtu akiniambia wangeshinda fainali sitabishana naye sana. Ila tazama: Hamilton walikuwa wa pili katika ligi kwa kushambulia na wa pili kwa kuzuia. Toronto, kinyume chao, walifungwa 84, na Dye peke yake alifunga 38 kati ya mabao yao 90. Timu ya namna hiyo inaning'inia kwenye shuti la mtu mmoja. Hamilton mabao yao yalikuwa na miguu mitatu: Burch 20, Red Green 19, Shorty Green 18. Ukimkaba mmoja, wawili wanabaki. Ndicho kitu ambacho Quebec ya Malone haikuwahi kuwa nacho.

Burch akatunukiwa tuzo ya Hart, ya mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote kwa timu yake. Ilikuwa mara ya pili tu tuzo hiyo kutolewa. Ya kwanza aliichukua Frank Nighbor wa Ottawa.

Sasa mgomo. Msimu wa kawaida ulipofika mwisho, wachezaji kupitia nahodha wao walimweleza Thompson kwamba hawatacheza mechi za ubingwa mpaka kila mmoja apewe dola 200. Hoja yao ilikuwa rahisi. Bei ya kazi yao ilipangwa wakati msimu ulikuwa na mechi 24, na baadhi yao walikuwa wametia saini ya misimu miwili mwaka 1923. Sasa wamecheza 30, na mechi za ubingwa zinakuja juu yake. Klabu imeingiza fedha. Wao hawakuona nyongeza. Thompson akajibu kwamba mkataba unamnunua mchezaji kwa kipindi chote cha majira ya baridi, na idadi ya mechi ndani ya kipindi hicho ni shauri la ligi. Calder akamuunga mkono.

Kisheria sina shaka kwamba Thompson alikuwa na karatasi nzuri. Mikataba ya wakati ule iliandikwa na upande mmoja. Ilimfunga mchezaji kwa klabu hata muda ukiisha, na hapakuwa na ligi nyingine ya hadhi ile mashariki mwa Kanada ya kukimbilia. Lakini karatasi nzuri si sawa na dai la haki, na hapa ndipo hesabu inaposema. Mshahara wa Shorty Green Hamilton hutajwa kuwa dola 3,000 kwa msimu. Kazi imeongezeka kwa robo. Robo ya 3,000 ni 750. Nahodha hakudai 750. Alidai 200, chini ya asilimia 7 ya mshahara wake, na katika hiyo hiyo akaweka pia mechi za fainali. Kwa wachezaji kumi, dai zima lilikuwa dola 2,000 hivi. Ada ya klabu moja mpya ilikuwa 15,000.

Dhambi waliyoshutumiwa zaidi ni ya wakati. Kwa nini wangoje hadi mlango wa fainali? Mbona hawakusema Desemba? Swali hili huulizwa na watu ambao hawajawahi kuwa na chombo kimoja tu cha kujitetea. Mchezaji aliyelalamika Desemba angebadilishwa Januari. Forbes alikuwa shahidi hai chumbani mwao, kipa aliyesema hapana peke yake akapoteza mwaka mzima huku klabu yake ikitwaa kombe bila yeye. Somo la Forbes lilikuwa kwamba mmoja hawezi na kwamba ni lazima uwe na kitu ambacho mwajiri anakihitaji wiki hiyohiyo. Hamilton wa Machi 1925 walikuwa na vyote viwili: walikuwa pamoja, na hapakuwa na fainali bila wao. Hawakujua kwamba Calder yuko tayari kuifuta fainali yenyewe.

Nao hawakuwa wa kwanza kufikiri hivyo katika hoki. Mwaka 1910 wamiliki wa NHA walipoweka kikomo cha dola 5,000 kwa mishahara ya timu nzima, wachezaji wakiongozwa na Art Ross, huyohuyo aliyekuja kuifundisha Hamilton, walitishia kuanzisha ligi yao wenyewe. Walishindwa kwa sababu viwanja vilikuwa vya wamiliki. Naye Gardner, kocha wa 1925, alikuwa miongoni mwa waasisi wa NHA yenyewe mwishoni mwa 1909, alipoungana na Ambrose O'Brien, tajiri wa migodi, baada ya klabu zao kuachwa nje na wakubwa wa Montreal. Chumba kile cha kubadilishia nguo kilijaa watu wanaojua ligi zinavyotengenezwa na kuvunjwa.

Nje ya chumba, Kanada nzima ilikuwa katika zama za migomo. Winnipeg ilikuwa imesimama wiki sita mwaka 1919. Tarehe 6 Machi 1925, siku chache tu kabla ya wachezaji wa Hamilton kukataa, wachimba makaa wa Cape Breton waliweka zana chini katika mgomo ambao ungefika hadi mwezi Agosti na kumwaga damu. Simaanishi kwamba wachezaji wa hoki waliteseka kama wachimba makaa wale. Mshahara wao ulikuwa mara kadhaa ya wa mfanyakazi wa kawaida. Ila wamiliki na magazeti waliusoma mgomo wa Hamilton ndani ya hofu hiyo, na Calder alikuwa na hofu yake mahsusi. Watu walikuwa wanamwaga fedha kwenye kumbi kubwa, Forum mjini Montreal, na Madison Square Garden mpya iliyokuwa inakuja New York. Wafadhili hao walihitaji kuambiwa kwamba wachezaji wanatawalika. Kama Hamilton wangelipwa, timu nyingine tano zingekuja na dai lilelile asubuhi yake.

Kwa mtazamo huo uamuzi wa Calder unaeleweka, na bado nauona kuwa mbaya. Wazo la kuwaingiza Ottawa, waliomaliza wa nne, badala ya Hamilton lilitajwa, halikutimia. Canadiens wakawatoa Toronto kwa mabao 3–2 na 2–0, na Calder akatangaza kwamba mshindi huyo ndiye bingwa wa NHL. Wachezaji wa Hamilton wakafungiwa na kutozwa faini ya dola 200 kila mmoja. Kiasi kilekile walichodai.

Canadiens walisafiri hadi pwani ya Pasifiki kucheza na Victoria Cougars ya kocha Lester Patrick, bingwa wa ligi ya magharibi, kuwania Kombe la Stanley. Walipigwa mechi tatu kwa moja. Victoria ni timu ya mwisho kutoka nje ya NHL kuwahi kutwaa kombe hilo. Ligi iliyokataa kutoa dola 2,000 ilikwenda kwenye fainali kubwa kuliko zote bila kinara wake, na ikarudi mikono mitupu.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niseme kwamba suala halikuwa fedha hata kidogo. New York walitaka timu ya kucheza katika Garden. Bill Dwyer, mlanguzi mkubwa wa pombe wakati ambapo Marekani ilikuwa imeipiga marufuku, alitoa dola 75,000 kuwanunua wachezaji wa Hamilton kwa ajili ya klabu mpya, New York Americans. Klabu ya Hamilton ikafutwa katika ligi. Watu waliokuwa hawafai kwa sababu ya dola 200 wakawa bidhaa ya thamani kubwa katika mji mwingine. Sharti pekee lilikuwa kwamba kila mgomaji alipe faini yake na kuomba radhi kwa maandishi ndipo kifungo kiondolewe. Ligi haikuwa na shida na wachezaji kulipwa vizuri, mradi nyongeza itoke mkononi mwa mmiliki kwa hiari yake. Dwyer alimpandisha Shorty kutoka 3,000 hadi 5,000, na Burch akapewa mkataba wa miaka mitatu wa dola 25,000, akatangazwa mjini kama mzaliwa wa New York aliyerudi nyumbani. Soko lilikuwa tayari kuwalipa mara nyingi zaidi ya walichoomba. Aliyekosea kuwathamini alikuwa mwajiri wao.

Tarehe 15 Desemba 1925 Garden ilifunguliwa kwa hoki, Americans dhidi ya Canadiens, mechi ambayo kimsingi ndiyo fainali iliyokosekana Machi. Canadiens walishinda 3–1. Bao la kwanza kufungwa katika ukumbi ule lilikuwa la Shorty Green. Lakini timu haikuwa ileile tena. Kocha mwingine, mji mwingine, ligi ya timu saba na mechi 36; wakamaliza wakiwa wameshinda 12 tu. Shorty aliumizwa figo mwaka 1927 katika mechi dhidi ya Rangers, ikatolewa, na uchezaji wake ukaishia hapo. Aliingizwa katika Ukumbi wa Umaarufu wa Hoki mwaka 1962, Burch mwaka 1974.

Mji wa Hamilton ndio ulioumia zaidi, na ndio usioulizwa. Mashabiki waliovumilia misimu minne mkiani walipata mmoja wa kuongoza, wakanyang'anywa fainali, kisha wakanyang'anywa timu. Mwaka 1985 mji ulifungua ukumbi mkubwa ukitumaini kurudishiwa NHL. Mwaka 2009 tajiri Jim Balsillie alijaribu kuwanunua Coyotes wa Phoenix waliofilisika ili awahamishie hapo, ligi ikampinga mahakamani, akashindwa. Hadi leo Hamilton haijapata tena timu ya NHL.

Wachezaji wa ligi hiyo walikaa miongo mingi bila kuthubutu tena kwa pamoja. Ted Lindsay wa Detroit alijaribu kuunda chama mwaka 1957. Akahamishiwa Chicago, timu dhaifu, na chama kikafa. Chama kilichodumu kilizaliwa 1967. Mgomo wa kwanza wa ligi nzima ulikuja Aprili 1992, miaka 67 baada ya ule wa Hamilton, na wachezaji walichagua saa ileile ya Shorty Green: msimu wa kawaida unakaribia kwisha, mtoano uko mlangoni. Safari hii hapakuwa na wa kuwafutia, kwa sababu waligoma wote. Baada ya siku kumi wamiliki walikubali. Msimu uliofuata mechi za kila timu zilipanda kutoka 80 hadi 84, na mfuko wa posho za mtoano ukapanda pamoja nazo, kutoka dola milioni 3.2 hadi milioni 7.5.